Diskasheni Zipewe Mlezi: Barua ya Wazi kwa Seneti za Vyuo vya Arusha na Meru

Kimandolu, Arusha.

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Seneti na Mabaraza ya Uongozi ya vyuo vya elimu ya juu, Arusha na Meru.

Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania.

YAH: KUANZISHA NAFASI YA MSHAURI WA STADI ZA KUJIFUNZA NA UJIFUNZAJI RIKA

Waheshimiwa,

Mfumo wa krediti unaotumika katika vyuo vikuu vya Tanzania huihesabu krediti moja kuwa sawa na saa 10 za kujifunza, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza hutarajiwa kukusanya krediti 120 kwa mwaka, yaani saa 1,200 ambazo ndani yake mna mihadhara, semina, maabara, kazi za kuandika na muda wa kujisomea. Kozi ya krediti 10 yenye mihadhara ya saa 3 kwa wiki, kwa wiki 15, humweka mwanafunzi mbele ya mhadhiri kwa saa 45, na saa 55 zinazobaki ni juu yake, zikiwamo zile chache za semina. Chuo kimezihesabu saa hizo, kimeziandika katika mtaala uliopitishwa na Seneti na kimepokea ada ya kozi nzima, lakini katika muundo wa utumishi wa vyuo vingi hayupo mtu ambaye kazi yake ya kila siku ni kuuliza zinatumikaje. Mhadhiri ana mhadhara wake, mkutubi ana vitabu vyake, Mshauri wa Wanafunzi ana malazi, nidhamu, maradhi na misiba, na kitengo cha ushauri nasaha kina mizigo ya moyo. Barua hii inahusu saa hizo 55 zisizo na mwenyewe.

Mshauri wa stadi za kujifunza ni mtumishi wa kitaaluma ambaye hafundishi somo lolote mahususi, ila huwasaidia wanafunzi kujua namna somo linavyosomwa: jinsi ya kuchukua maelezo yatakayosomeka baada ya mwezi, jinsi ya kuligawa andiko refu, jinsi ya kujipima kabla mtihani haujampima mtu, jinsi ya kuandika jibu linalojibu swali lililoulizwa. Ujifunzaji rika, ambao ni nusu ya pili ya kazi yake, ni utaratibu unaowawezesha wanafunzi wa mwaka mmoja, au wanaopishana mwaka mmoja au miwili, kusomeshana kwa mpango unaojulikana na kusimamiwa. Nchini Tanzania waelimishaji rika wanafahamika tangu kampeni za kupambana na UKIMWI, kwa hiyo wazo lenyewe si geni masikioni. Kilichobaki ni kuliingiza kwenye uhasibu, takwimu, fizikia na sheria ya mikataba, mahali ambapo wanafunzi wanafeli.

Kwamba wanafunzi tayari wanasomeshana ni jambo lisilohitaji utafiti. Kimandolu iko kandokando ya barabara ya Moshi, ambayo upande mmoja huelekea Tengeru na Usa River na upande mwingine huingia mjini, ambako mtu hubadilisha gari kwenda Njiro. Kwa sababu hiyo vyumba vya kupanga vya kata hii, pamoja na vya mitaa jirani, hupokea wanafunzi wa vyuo mbalimbali ambao hawakupata nafasi ya bweni au wameona kodi ya geto ni nafuu kuliko ada ya hosteli. Wiki za majaribio zinapokaribia, vyumba hivyo hugeuka madarasa baada ya saa moja usiku. Mkusanyiko huo wanafunzi huuita diskasheni, na ndio taasisi kubwa kuliko zote za kitaaluma ambayo vyuo havikuianzisha, havijui ukubwa wake, wala havijawahi kuiuliza inafanya kazi vizuri kiasi gani.

Inafaa Seneti iione kwa karibu. Katika chumba kimoja huketi watu watano au sita, wawili kitandani, mmoja juu ya ndoo iliyofunikwa, na katikati yao kuna madesa, yaani maelezo ya mihadhara yaliyotolewa nakala na kupokezana kutoka mwaka hadi mwaka, pamoja na karatasi za mitihani iliyopita na kikokotoo kimoja. Mada ni uchakavu, ambao katika uhasibu ni namna ya kuigawa gharama ya mali ya kudumu katika miaka ambayo mali hiyo inatumika. Anayeaminika kuwa kipanga huanza kueleza, na hueleza vizuri: pikipiki ya bodaboda imenunuliwa kwa shilingi 3,000,000, inatarajiwa kufanya kazi miaka 5 na hatimaye kuuzwa kwa shilingi 500,000, ondoa thamani ya mabaki, gawanya kwa miaka, na kila mwaka vitabu vitabeba shilingi 500,000. Wenzake huitikia kwa vichwa, mmoja husema "nimeipata", na kundi huhamia swali linalofuata. Wiki moja baadaye, katika chumba cha mtihani, yule aliyesema ameipata hukuta swali hilohilo limegeuzwa kidogo, likitaka sababu badala ya hesabu, na kalamu hukwama.

Kilichotokea hapo kinaelezeka. Aliyejifunza katika kikao kile ni kipanga peke yake, kwa kuwa ndiye aliyelazimika kuutoa ujuzi kichwani, kuupanga na kuusema; waliobaki waliutambua ulipotajwa, na kutambua jambo huleta hisia ya kulijua pasipo kulijua. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio ambamo kundi moja la wanafunzi lilirudia kusoma andiko na jingine likalisoma kisha likajipima kwa kuandika linachokikumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja waliojipima waliwaacha mbali. Mtihani wa chuo hauji baada ya dakika 5. Hata hivyo, mwanafunzi anayepiga msuli usiku kucha kwa kurudia madesa yaleyale hajawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote mwenye dhamana ya kumwambia, na pengine ameambiwa kinyume chake tangu darasa la tatu.

Mahali penye mshauri, kikao hicho hicho hubadilika kwa mambo machache yasiyo na gharama. Anayekiongoza ni mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu aliyefaulu kozi hiyo, aliyefunzwa kwa siku mbili au tatu kutojibu swali haraka. Badala ya kueleza uchakavu, huuliza: kwa nini kiwanja cha Kimandolu hakichakai kwenye vitabu, ilhali nyumba iliyojengwa juu yake inachakaa? Ukimya unaofuata ndio kazi yenyewe, na kiongozi asiyefunzwa huuvunja baada ya sekunde chache kwa sababu unamtia aibu. Mmoja atasema kiwanja kinapanda bei. Mwingine atapinga kwamba hata nyumba hupanda bei na bado inachakaa. Wa tatu, polepole, atafika kwenye jambo lenyewe, kwamba uchakavu haufuati bei ya soko, unafuata muda wa matumizi, na ardhi kwa kawaida haina ukomo wa matumizi unaoweza kukadiriwa. Wakifika hapo kwa miguu yao wenyewe, madesa hufunikwa, na kwa dakika 15 za mwisho kila mmoja huandika peke yake, kwa Kiingereza, jibu la swali walilolijadili kwa Kiswahili, kisha hubadilishana karatasi na jirani.

Hizo dakika 15 zinastahili maelezo zaidi, maana ndani yake kuna suala ambalo Seneti nyingi hulizunguka. Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali tangu 1967, na kuanzia sekondari hadi chuo kikuu lugha rasmi ya kufundishia imebaki kuwa Kiingereza. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walitoa ripoti juu ya hali ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania, na walikuta kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliopimwa walikuwa katika kiwango cha kusoma kwa urahisi hata vitabu vyepesi zaidi vya masomo yao. Pamoja na hayo, ripoti ilishauri Kiingereza kiendelee. Zaidi ya miaka 40 imepita, shule za mchepuo wa Kiingereza zimeongezeka mno hasa mijini, na bado diskasheni za Kimandolu, Usa River na Njiro hufanyika kwa Kiswahili kilichochanganywa na istilahi za kozi, kwa sababu akili ya mtu hufikiri mambo magumu kwa lugha inayoimudu.

Vyuo vimelitazama jambo hili kama udhaifu wa kufichwa, na dawa iliyozoeleka ni kozi ya stadi za mawasiliano, iliyoanza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1970 na leo kufundishwa karibu kila chuo. Kozi hiyo ina manufaa yake. Kasoro yake ni kwamba hufundishwa kando ya masomo, mara nyingi katika mwaka wa kwanza, katika ukumbi wa mamia ya watu, na mwanafunzi hujifunza kuandika aya juu ya utalii au mazingira pasipo kuandika hata aya moja juu ya uchakavu, ambao ndio atakaoulizwa. Mshauri wa ujifunzaji rika huanzia kule ambako uelewa unapatikana, yaani kwenye mjadala wa Kiswahili, kisha hujenga daraja la makusudi kuelekea karatasi ya mtihani. Kuwakataza wanafunzi Kiswahili katika kikao cha kusomeshana, kama baadhi ya wahadhiri wanavyopenda, ni kuwanyang'anya chombo cha kufikiri ili wapendeze kwa matamshi.

Swali jingine ni nani wapelekewe huduma hii, na hapa makosa ni rahisi kufanywa kwa nia njema. Chuo kinachoanzisha msaada wa kitaaluma hushawishika kuwakusanya wenye alama za chini, na matokeo yake ni kwamba kwenda kwa mshauri huwa sawa na kujitangaza kilaza, hivyo wenye shida hukwepa mlango wake na hata wale wachache wanaofika hufika wakiwa wamechelewa. Deanna Martin, aliyeanzisha mwaka 1973 katika Chuo Kikuu cha Missouri, Kansas City, utaratibu ambao baadaye ulienea katika nchi nyingi, aliligeuza jambo hilo: alizitafuta kozi zinazofelisha wengi na kuwaacha watu bila alama ya kufeli vipajini. Kikao huwekwa kwa kozi nzima, hukaribisha kila aliyeandikishwa, na kiongozi wake huhudhuria tena mihadhara pamoja na wanafunzi ili ajue nini kimesemwa juzi. Katika miaka hiyohiyo ya 1970, kule Berkeley, mwanahisabati Uri Treisman alichunguza kwa nini wanafunzi weusi wengi walishindwa hesabu za kalkulasi, na akakuta kwamba wengi wao walikuwa wakisoma kwa bidii lakini kila mtu peke yake, wakati wanafunzi wenye asili ya China walisoma peke yao kwanza, kisha wakakutana kulinganisha na kusahihishana. Alipounda warsha zake hakuwapa waliokuwa nyuma maswali mepesi. Aliwapa magumu zaidi, na wakapanda.

Gharama ya kutochukua hatua inawaangukia watu wanaojulikana. Anayefeli kozi hurudia kwa mtihani wa marudio, maarufu kama sapu, ambao kwa mwanafunzi aliyepanga Kimandolu maana yake ni kodi ya miezi ya ziada na likizo isiyokuwapo. Anayekusanya alama chini ya kiwango kilichowekwa huondolewa masomoni, au hudisko kama wenyewe wasemavyo, na ikiwa alisomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, shahada hupotea lakini deni hubaki. Familia ya Meru iliyouza ng'ombe au kipande cha shamba la kahawa kujazia pale mkopo ulipopungua haina bodi ya rufaa.

Huenda wajumbe wakasema haya ni mambo ya Marekani. Historia ya Tanzania inasema vingine. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya", iliyoendeshwa kwa wiki 12 kwa msaada wa redio na vijitabu, iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kujifunza vijijini, na mwaka 1975 ikafuatwa na "Chakula ni Uhai". Vikundi vile havikuwa na walimu wa kutosha, na havikuhitaji. Vilikuwa na makumi ya maelfu ya viongozi waliofunzwa kwa ngazi, ambao kazi yao ilikuwa kusoma au kusikiliza pamoja na wenzao na kuuchochea mjadala bila kuhutubia, kisha kikundi kiamue kuchimba choo au kusafisha kisima. Jambo lililowezekana kwa wakulima, wengi wao wakiwa ndio kwanza wanajifunza kusoma, kwa kitabu chembamba na redio ya betri, haliwezi kuwa zito kwa chuo chenye intaneti.

Pingamizi lililo zito ni jingine: kwamba diskasheni ni uchochoro wa kudesa, na kwamba chuo kikizirasimisha kitakuwa kimebariki kazi zinazonakiliwa. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana mshauri huweka mpaka tangu kikao cha kwanza: kazi zinazohesabiwa alama hazijadiliwi pale, kiongozi hasahihishi wala haoni alama za mtu, na hachukui nafasi ya mkufunzi wa semina anayelipwa na idara. Mpaka huo wa mwisho unawahusu wajumbe wenyewe, kwani chuo kilichobanwa na bajeti kinaweza kuona katika wanafunzi hawa nguvu kazi rahisi. Kiongozi wa kikao alipwe posho inayolingana na saa zake, na utumishi wake uandikwe katika cheti cha matokeo.

Kuna pia wale ambao diskasheni za sasa huwaacha nje bila mtu kukusudia. Msichana anayeishi mbali na geto la kundi lake huchagua kati ya kutembea usiku na kukosa kikao, na wazazi wengi, kwa haki, wamemchagulia tayari. Mama anayenyonyesha, mwanafunzi anayefanya kazi ya mchana, kiziwi ambaye hawezi kufuata midomo sita katika mwanga wa taa moja, na yule aliyehamia kutoka chuo kingine asiyemjua mtu, wote husomeka katika orodha ya kozi lakini hawamo katika chumba. Kikao kinachofanyika chuoni saa tisa mchana, katika chumba kinachotangazwa kwenye ratiba, huwarudisha. Kwa jambo hili peke yake nafasi inayoombwa ingestahili mshahara wake.

Kuhusu mtu mwenyewe wa kuajiriwa, inafaa kusema kwa ufupi anafanya nini akiwa ofisini. Mwanzoni mwa muhula huteua na kufunza viongozi. Katikati hukaa nyuma ya vikao akiandika nani anazungumza na nani hazungumzi, kisha huketi na kiongozi kwa nusu saa kumwonyesha. Hukutana na wahadhiri kujua mada zinazokwamisha. Saa zilizobaki hupokea mwanafunzi mmoja mmoja, naye huja na daftari lililojaa slaidi zilizonakiliwa neno kwa neno, lisilo na swali hata moja pembeni, na mazungumzo huanzia hapo. Anayoambiwa mshauri hayamfikii mhadhiri wala Mshauri wa Wanafunzi isipokuwa uhai wa mtu umo hatarini. Kazi hii haiwezi kufanywa na mhadhiri anayeongezewa jukumu juu ya mihadhara yake, na haiwezi kufanywa na afisa wa muda anayeondoka mradi unapoisha. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ulioidhinishiwa na Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 425 mwaka 2021, umeleta majengo na maabara ambayo nchi iliyahitaji. Katika majengo hayo chumba kimoja chenye meza, ubao na mshauri wake hakingeonekana kuwa anasa.

Kwa hiyo, kabla ya ratiba ya mwaka ujao wa masomo kupitishwa, kila Seneti inaombwa kumtaka msajili alete jedwali la kozi zote za mwaka wa kwanza pamoja na idadi ya waliofanya sapu kwa miaka mitatu iliyopita, ichague kozi tatu zinazoongoza, iajiri mshauri mmoja wa kudumu, itenge posho ya viongozi wa kozi hizo na chumba cha mchana, na itangaze matokeo ya mwaka huo hata yasipopendeza. Tume ya Vyuo Vikuu, ambayo hukagua idadi ya wahadhiri, vitabu na viti, inaombwa kuongeza katika ukaguzi wake swali moja ambalo kila chuo kitalazimika kulijibu kwa maandishi: saa za kujisomea zilizomo katika mtaala zinasimamiwa na nani?

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mshauri wa stadi za kujifunza,
Kimandolu, Arusha.